Koti Lisilokunywa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mkasi wala sindano. Nilitembezwa. Sheth, mwenye duka, aliketi barazani kwenye kiti cha kamba, akafumba macho. Fundi Mkuu akanivalisha koti zito la mvua lililonuka mpira, akaniamuru nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye mawe yaliyo mbele ya ghala la pamba, nirudi, nichuchumae, niinuke, kisha niinue mikono kama mtu anayelenga bunduki. Jua la Mwanza lilikuwa linawaka kwelikweli. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi ng'ambo ya barabara waliacha biashara yao wakanikodolea macho, na mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu naye kapatwa na nini, koti la mvua kwenye jua namna hii?"

Aibu ilinijaa. Nikapunguza mwendo nikidhani Sheth naye amechoka na mzaha huo.

"Wewe tembea," alisema bila kufungua macho. "Mimi nasikiliza koti."

Kumbe kweli alikuwa anasikiliza. Koti la mpira likisuguana paja kwa paja hutoa mlio wa kukwaruza, na mwindaji wa kanga au swala akilivaa hilo, wanyama humsikia kabla yeye hajawaona. Sheth alikuwa na washonaji wa kutosha. Alichokosa ni mtu aliyekwisha kulowa sawasawa, anayejua koti linamfanyia nini mtembezi porini. Mimi nilikuwa nimebeba mizigo ya wawindaji tangu nilipoota ndevu, nikanyeshewa kila aina ya mvua, na miguu yangu ilikuwa bado mizima. Kwa hiyo nikaajiriwa kwa ajili ya miguu, na kushona nikaja kufundishwa baadaye.

Jina langu ni Mabula. Kwetu Usukumani jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua. Fundi Mkuu alipolijua alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Mvua yenyewe imekuja kuuza makoti!" akasema, na tangu siku hiyo kila mvua ilipochelewa aliniuliza nimeificha wapi.

Makoti ya mvua yaliyopita mikononi mwetu siku zile yalikuwa ya aina tatu. La kwanza ni la mpira, yaani kitambaa kilichopakwa mpira upande mmoja. Hilo halipitishi hata tone, lakini ukitembea nalo kutoka Mwanza hadi Kisesa utafika umechemka kama kiazi chunguni. La pili ni la gabadini, kitambaa cha Ulaya kilichofumwa kwa kubana sana. Ni jepesi, halina kelele, mwili unapata hewa, ila masika yakikaza kamba hukubali kushindwa. La tatu tulilitengeneza wenyewe kwa kaki nzito. Tuliyeyusha nta waliyotuletea warina asali, tukaichanganya na mafuta ya mbegu za kitani, tukaipaka kwenye kaki na kupitisha pasi ya makaa juu juu ili nta izame ndani ya nyuzi. Kisha tulilianika koti kivulini hadi harufu yake ipungue, kwa sababu mnyama ana pua pia, na wawindaji walitulalamikia.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maji hayapiti kwenye kitambaa kizuri, yanapita kwenye tundu la sindano. Ndiyo maana kila mshono wetu ulikunjwa mara mbili, ukapigwa cherehani, ukapakwa nta tena upande wa ndani. Bega halikuwekwa mshono juu kabisa. Tulikata kipande kimoja kikapita begani na kushuka hadi kifuani, kwa maana bega ndilo linalopokea mvua yote, na ndilo linalobeba mkanda wa bunduki. Nilipokosea hakunionea haya.

"Mabula! Hapa umepitisha uzi au umepitisha mto Simiyu?"

"Uzi, Fundi."

"Basi kaupitishe upya. Mtu akifa kwa kichomi sitaki jina langu litajwe kwenye matanga."

Wateja nao walikuwa walimu wetu. Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa aliyesimamia wanyama pori, alipoingia mara ya kwanza nilimletea koti la buluu iliyoiva, nikijua litamkaa vizuri. Alilivaa, akajitazama, akalivua. Akanieleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu kuliko rangi zote, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuingia vichakani na koti la namna hiyo akatoka uso umemvimba. "Nipe rangi ya majani makavu," alisema. "Mbung'o aende kwa mtu mwingine." Kuanzia hapo makoti ya wanaokwenda porini tuliyatia rangi kwa magome ya miti, na yale ya buluu tukawaachia makarani wa mjini. Alikuwapo pia padri mmoja aliyependa kuvua samaki kwa ndoana siku zake za mapumziko. Huyo alitufundisha kwamba koti refu ni zuri kwa mtembezi, likiwa na mpasuo nyuma ili magoti yapate nafasi, lakini kwa mtu wa kukaa ndani ya mtumbwi ni balaa, maana pindo lake hulala kwenye maji ya chini ya mtumbwi na kuyapandisha hadi kiunoni. Mikono ya koti akataka ibanwe kwa kifungo, ili anapoinua fimbo maji yasimtiririke hadi kwenye kiwiko.

Fundi Mkuu alikuwa na mwandiko mzuri, na Sheth akamwomba aandike ubao wa kutangaza kazi yetu. Akaandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao mwekundu, herufi kubwa zilizosimama kama askari: KOTI LA KUZUIA MVUA. Kilikuwa Kiswahili safi cha pwani. Mjini watu waliusoma, wakaelewa, wakaingia. Hakuna aliyeona tatizo lolote, hata mimi Msukuma.

Baada ya misimu kadhaa Sheth alifungua tawi Magu, akanipeleka huko na cherehani moja, marobota ya kaki, nta, pasi, na ubao ule. Nililia kidogo kuacha Mwanza, lakini huko ndiko watu walikoanza kuniita Fundi, na cheo hicho kilinifuta machozi upesi. Duka lilikuwa kando ya barabara, mahali ambapo wakulima wa pamba na mpunga walipita kwenda sokoni. Wengi waliingia kutaka kaniki na kibiriti. Makoti niliwauzia wachache: wapima ardhi, matarishi wa boma, na wageni waliokuja kupiga bata matetini.

Mteja ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni Shija. Alikuwa skauti wa Bwana Nyama, kazi yake kuzunguka na bunduki kando ya ziwa na mto akifukuza viboko na nguruwe pori wasile mashamba ya watu. Alizaliwa hapo hapo, baba yake na babu yake wamezikwa hapo, na mji wake ulikuwa juu ya kilima kidogo chenye mkonge kuzunguka zizi. Masika yaliyotangulia alilowa hadi akapata kichomi, akalala kitandani akikohoa damu. Mkewe, Kabula, alikuwa amekwisha kata tamaa. Alipopona, Bwana Nyama akamwambia, "Nenda kwa Mabula uchague koti, au uache kazi hii."

Walikuja wote wawili, Kabula akiwa na mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, Mabula," Shija akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo viboko wamekupa ruhusa?"

"Wamesema nikachukue nguo ya kuwazikia."

Akaliona la gabadini kwanza, kama wanavyofanya wote. Akalivaa, akafunga mkanda, akasimama kifua mbele. Kabula akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Umekuwa kama kalani wa boma," alisema. "Viboko watakuletea balua uwasomee."

Tulicheka sana. Kisha nikamtembeza kama nilivyotembezwa mimi. Nikampa bunduki yake aiweke begani, nikamwambia achuchumae kama anayevizia, avuke gogo, alale kifudifudi. La mpira lilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakakimbia. La gabadini lilikuwa zuri ila kitambaa chembamba kisingevumilia miiba ya kwake. Tukabaki na kaki yenye nta, rangi ya majani makavu, urefu wa magoti. Nilimwongezea kipande cha pili begani mahali mkanda unaposugua. Nikamwonya kwamba kila masika yakiisha alilete nilipake nta upya, hasa begani. Akaahidi. Masika hayo aliyapita mazima bila hata kikohozi, na Kabula aliniletea jogoo.

Vuli iliyofuata haikuja.

Watu walikuwa wamepanda. Pamba ilichipua kidogo kisha ikajikunja. Mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa kila mchana, yakasimama, yakatutazama, yakaenda zao Ukerewe. Watu walianza kuulizana, na mahali petu swali hilo si la hewa bali la watu: nani ameizuia mvua? Sisi Wasukuma tulijua kwamba mvua ina wenyewe. Yuko mtemi anayeileta kwa dawa za ukoo wake, na wako wabaya wanaoizuia kwa dawa zao. Neno kuzuia mvua halikuwa neno la dukani. Lilikuwa shtaka, na aliyepatikana na shtaka hilo alihamishwa, nyumba ikabomolewa, na hakuna aliyempa moto wa kuwashia jiko njiani.

Nami nilikuwa nimelitundika neno hilo juu ya mlango, kwa rangi nyeupe.

Nililitambua siku Kabula alipoingia dukani mbio, mtoto akilia mgongoni, bila salamu. "Mabula, wanatutoa," alisema. "Wanasema mume wangu anavaa koti la kuzuia mvua. Watoto wa shule wamewasomea ubao wako. Wanasema ndiyo maana vuli hii mawingu yanapita pembeni."

"Koti haliwezi kuzuia mawingu, Kabula."

"Mimi najua. Nenda uwaambie wao! Jirani yetu Maduhu amesema tusipohama wenyewe watabomoa zizi." Akakaa chini kwenye sakafu, akaanza kulia kwa kwikwi. "Aende wapi na kifua kile? Nani atatupokea na jina hilo?"

Nilipanda kwenye kigoda nikaung'oa ubao kwa mikono. Halafu nikafunga duka nikaenda naye. Sitaficha kwamba njia nzima nilijiogopea mimi pia, kwa sababu aliyevaa ni Shija lakini mwenye kuyashona makoti yote ni mimi, tena ninaitwa Mabula.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa amekwisha ita watu uwanjani pake. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, asiyependa kuharakishwa. Shija alisimama katikati, koti lake mkononi. Mzee Maduhu ndiye aliyesema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba kubwa la pamba lililokauka lote.

"Mimi sina ugomvi na Shija," alisema. "Alinifukuzia viboko, nashukulu. Lakini koti lake lina jina, na jina lake limeandikwa. Kabla halijaja vuli ilikuwa inakuja. Limekuja, vuli hatuna. Ninyi mnataka nini zaidi?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Lichomwe!"

"Likichomwa nitakuwa nimekubali," Shija akajibu. Sauti yake ilikwaruza. "Sikubali. Sijawahi kuizuia mvua. Nimejifunika tu isinipige kifuani."

Niliomba kusema. Nikaeleza nta, mishono, pasi. Nilieleza kwamba maandishi yale yalimaanisha kuzuia isimloweshe mtu, siyo kuzuia isinyeshe. Mwanangwa akanisikiliza hadi mwisho. "Umesema vizuli," alisema. "Lakini ulipoandika hukusema hivyo."

Hapo ndipo bibi mmoja mzee, jina lake Ngollo, aliyekuwa ameketi na shuka lake jeusi begani, akaomba nafasi. "Anayeizuia mvua anaiweka mahali," alisema. "Haipotei. Anaificha kwenye chungu, au kwenye pembe. Kama koti hili linakula mvua, basi litakunywa maji. Mwaga maji tuone. Likinywa, aondoke. Lisiponywa, mwacheni na mke wake."

Watu wakaguna kukubali. Maduhu mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Mimi sikuguna nao, maana nilikuwa nimekwisha liona bega la koti lile. Masika yalipoisha Shija hakulileta kupakwa nta. Viboko hawakumpa nafasi. Mahali mkanda wa bunduki uliposugua, kaki ilikuwa imeng'aa kwa uchakavu, na mimi fundi nilijua kwamba likinywa, litanywa hapo. Mji wa Shija, zizi lake, makaburi ya wazee wake, vyote vilikuwa vinategemea kipande cha pili nilichokishona pale begani siku tunacheka na Kabula.

Akalivaa. Akafunga vifungo vyote hadi kooni, kama nilivyomfundisha. Mitungi ikaletwa kutoka ziwani, na katika ukame ule hakuna aliyeyatazama maji yale bila kuumia. Vijana wakammwagia mabegani, mgongoni, kifuani. Maji yaliteleza juu ya kaki yakaanguka chini yakatengeneza dimbwi miguuni pake. Jua lilikuwa linachoma. Shija alisimama wima akitazama mbele, hakupepesa macho, na jinsi alivyokuwa akipumua ungedhani amepanda mlima.

"Vua," Mwanangwa akasema.

Akavua. Maduhu akalipokea, akaligeuza ndani nje, akapitisha kiganja. Kisha akakiinua kiganja juu watu wote wakione. Kilikuwa kinameta.

"Limekunywa!"

Uwanja ulilipuka. Kabula alipiga yowe. Mtu mmoja alikwisha anza kuelekea kilimani kwa Shija na jembe mkononi. Nilisukumana na watu hadi nikalifikia koti, nikaligusa bega kwanza. Lilikuwa kavu. Mgongo ulikuwa umelowa, kwapa zimelowa, kifua kimelowa, lakini bega, mahali nilipopaogopa, lilikuwa kavu kabisa. Sikuelewa. Nilisimama pale nimeshika koti kama mtu aliyesahau kazi yake.

Mwanangwa akaninyang'anya koti. Akalipeleka usoni, akalinusa. Halafu, mbele ya watu wote, akautoa ulimi akaulamba mgongo wa koti lile upande wa ndani, polepole, kama anayeonja mboga jikoni. Watu wakasogea kutazama, hata yule wa jembe akarudi. Akaonja tena kwapani, akakunja uso.

"Chumvi," alisema.

"Maji ya ziwa yana chumvi?" akauliza.

"Hayana," watu wakasema.

"Mvua ina chumvi?"

"Haina."

"Basi hili ni jasho. Mmemsimamisha mtu kwenye jua na koti zito, mmemtishia kumbomolea nyumba, mnataka awe mkavu?" Akamtupia Shija koti lake. "Maduhu, njoo na wewe uonje."

Maduhu alionja. Ndiyo, alionja, mtu mzima yule mwenye ndevu nyeupe, kisha akapangusa ulimi kwa nyuma ya kiganja. Bibi Ngollo akaonyesha dimbwi kwa fimbo yake. "Maji yote yako chini," alisema. "Mngenimwagia mimi na shuka langu hili, nusu ingebaki kwangu. Sasa nani anayekula mvua, yeye au mimi?"

Kicheko kilianza nyuma kwa wanawake, kikaja mbele, kikamfikia hata yule wa jembe. Shija hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye tope la maji yale, akaweka kichwa katikati ya magoti, na Kabula akaja akakaa naye. Mimi nililia wazi, na sijali nani alinitazama.

Niliporudi Mwanza kutoa habari, Sheth alicheka hadi akakohoa, halafu akatazama ubao niliourudisha. "Neno moja tu," alisema. "Wangeweza kuua mtu." Fundi Mkuu alikasirika kwanza. Alidai Kiswahili chake hakina kosa.

"Hakina kosa, Fundi," nilimwambia. "Ila kwenu mvua ni mvua tu. Kwetu ina wenyewe."

Akapiga rangi upya, akaandika KOTI LA MVUA, basi. Magu watu walikuwa tayari wamelipatia jina lao, koti lisilokunywa, na jina hilo likanifuata kila nilikohamia, nikauza mengi kuliko kwa lile la kwanza. Jambo jingine tulilojifunza lilitusaidia miaka yote. Kabla ya hapo wateja walikuwa wakirudisha makoti wakisema yanavuja, nasi tunapaka nta juu ya nta na kuzidisha joto. Sasa Fundi Mkuu alianza kutoboa vitundu chini ya kwapa, vikazungushiwa uzi, na kuacha mpasuo mgongoni uliofunikwa na kipande kingine, ili jasho litoke na mvua isiingie. Mteja akilalamika, kabla sijashika sindano namwomba alambe. Wengine walinuna. Bwana Nyama alilamba, akacheka, akaondoka na koti lake.

Ukame ule ukiwa bado haujaisha, Sheth alinihamishia Misungwi, kwa hiyo sikuiona mvua ya Magu iliporudi. Misungwi nilikaa hadi vita vilipoanza na kaki yote ikaenda kwa askari. Miaka hiyo hatukushona jipya. Tulikata mapindo ya makoti marefu tukafanya viraka vya mafupi, na kwa kukosa nta tukayeyusha vipande vya mishumaa. Vita vilipokwisha nilirudi Mwanza, Fundi Mkuu akastaafu akarudi kwao Tanga, na Sheth akanipa mkasi wa Fundi. Niliushika mpaka macho yangu yalipokataa kuona tundu la sindano. Siku niliyomkabidhi mtu mwingine mkasi huo sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimewavisha watu wengi wakaenda walikokwenda na kurudi wazima, na hiyo kwangu ni kazi ya kutosha.

Vijana wa sasa wakija kuniuliza koti lipi zuri, huwa wamekwisha jitazama kwenye kioo. Mimi huwaambia wafumbe macho. Tembea nalo, lisikilize. Inua mikono, uone kama tumbo linabaki wazi. Beba mzigo wako, maana mtu hatembei mikono mitupu. Jiulize unakwenda kukaa mtumbwini au kupanda mawe, kwa mbung'o au kwa makarani. Tazama bega kabla ya kola. Lipake nta hata kama viboko hawakupi nafasi. Kioo kiwe cha mwisho.

Shija alikuja kunitembelea nilipokwisha staafu, mvi kichwa kizima, kifua kizima vilevile. Alikuwa bado anakaa kwenye kilima chake, na zizi limejaa. Tulizungumza hadi chai ikapoa, na ndipo nikakumbuka kumwuliza jambo nililojiuliza miaka yote.

"Ile mvua ya kwanza iliporudi, baada ya balaa lile. Koti lilikufaa?"

Akanitazama kama ananishangaa.

"Sikulivaa, Mabula. Ilianza asubuhi, watu wote wakatoka nje, Maduhu yuko shambani anacheza kama mtoto. Nililiacha kwenye msumari nikatoka kifua wazi. Kabula akanifokea, nikamwambia, leo acha nilowe na wenzangu."